Video Iliyomtapisha Bi Tatu

Mshamaliza kucheka? Haya, lirudisheni hilo bomba ukutani, na taratibu, maana ndilo lililobaki. Nawajua nyie. Mnakuja hapa kwangu Kibiti, "Shikamoo Bi Somoe, za siku nyingi," mnanywa uji wangu, kumbe hamu yenu ni kushikashika bomba la maji lenye kishikio cha baiskeli, mpige nalo picha za kurushiana kwenye simu. Mie sina ugomvi. Ila mtu akishacheka kitu cha mwenzie, adabu inataka akae asikie kilitoka wapi. Kaeni. Wewe wa kofia sogea kidogo, unaniziba upepo.

Enzi zangu hapakuwa na hizo gimbali zenu za kuchaji, mtu anabonyeza, simu inajisawazisha yenyewe hata ukiwa unacheza mdundiko. Tulikuwa na kamera ya kanda, mkono na Mungu. Mkono ukitetemeka, harusi nzima inatetemeka, kuanzia bwana harusi mpaka pilau.

Na mie kazi hii sikuisomea. Nilikuwa nauza vitumbua nje ya studio moja ya picha kule Ikwiriri. Mwenye studio, Bwana Rajabu, alikuwa hodari wa kamera, lakini ndiyo hivyo, mwanamume. Na harusi zetu mnazijua: nusu ya harusi ipo ndani kwa wanawake, na mwanamume haingii. Siku moja akajitia kujisahau, akapitiliza na kamera yake mpaka chumbani alimokuwa bibi harusi anasingwa liwa. Alitoka mbio, mwiko wa pilau umemkaa mgongoni. Kesho yake akaja kwenye vitumbua vyangu, akala kimoja polepole huku ananitazama.

"Somoe," akasema, "una mikono miwili?"

"Si unaiona? Ya nini kuuliza?"

"Basi ingia ndani nikufundishe kitufe chekundu."

Kitufe chenyewe kilikuwa kimoja. Ukibonyeza mara ya kwanza inarekodi, ukibonyeza tena inasimama. Harusi yangu ya kwanza nilianza kwa kubonyeza mara mbili bila kujua, basi siku nzima ikaenda kinyume: nikidhani narekodi, imelala, nikiishusha nipumzike, imeamka. Familia ikakaa mbele ya televisheni, ikaona ndala zangu. Ndala, vumbi, ndala, sufuria, ndala. Na juu yake sauti yangu namwambia shoga yangu kwamba shangazi wa bwana harusi kavaa gauni la kuazima. Shangazi mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye kochi. Tangu siku hiyo nikashika adabu: angalia taa nyekundu kwanza, mdomo baadaye.

Lakini hilo la ndala watu walicheka likaisha. La Bi Tatu halikuisha hivyo.

Bi Tatu alikuwa mama wa kule visiwani, delta, ndani kabisa kwenye mikoko, ambako kwenda kwa jirani ni kwa mtumbwi na kwenda dukani ni kwa mtumbwi. Alikuwa na binti wawili tu, Zuhura na Rehema, na baba yao alishafariki. Wallahi sijapata kuona mwanamke asiyeogopa maji kama yule. Chombo kinapigwa na mawimbi, wanaume wazima wamekumbatia ndoo wanatapika, yeye amekaa zake anachambua mchele.

Zuhura akaolewa Mloka, mbali huko bara, mto unakotokea. Sasa desturi yetu mnaijua, au labda nyie wa siku hizi hamuijui: mama mzazi hamsindikizi binti yake kwa mume. Wanakwenda mashangazi, anakwenda kungwi, wanakwenda mashoga. Mama anabaki nyumbani na masufuria machafu. Mtoto alivyopokelewa huko atakuja kusimuliwa. Na wasimuliaji ndio hao, huyu anasema walipokewa vizuri, yule anasema walikaa juani mpaka wakapata kiu. Mama anabaki hajui ashike lipi. Ndiyo maana video ilipoingia kwetu, wa kwanza kuipenda walikuwa mama wa mabibi harusi. Si kwa fahari. Walitaka kuona pale mlangoni tu, mtoto kapokelewaje.

Basi nikaenda Mloka na kamera. Na huko nikafanya kosa ambalo nyie nusu yenu bado mnalifanya. Nilikimbia. Msafara ukienda mbio na mie mbio, wakigeuka nageuka, nakuza picha mpaka puani kwa mtu, narudisha, nakuza tena. Niliona raha kweli! Nilijiona fundi.

Bwana Rajabu akaihamisha kanda kwenye CD, ikapelekwa kisiwani na mie nikiwepo. Jirani mmoja alikuwa na televisheni, deki na betri ya gari, watu wakajaa mpaka madirishani. Dakika ya tatu Bi Tatu akashika kichwa. Ya tano akashika tumbo.

"Zimeni!" akapiga kelele. "Zimeni hiyo mashine, mwanangu anapepetwa!"

Akatoka nje, akatapika kwenye shina la mnazi. Mwanamke ambaye bahari haijamtapisha hata siku moja, katapishwa na Somoe wa vitumbua. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na mie, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Akarudi ndani anajifuta mdomo na ncha ya kanga, hakucheka. Akaniuliza, "Somoe, wewe ulikuwepo. Kapokelewaje mwanangu?"

Nilikuwepo, lakini jicho moja nililifumba na jingine lilikuwa kwenye kitundu cha kamera, na miguu inakimbia. Sikuona kitu. Nikamwambia, "Vizuri tu, Bi Tatu." Alinitazama akajua ninadanganya. Akaichukua CD yake, akaifunga kwenye kanga, akaitia sandukuni. Nilikuja kusikia kwamba kila sikukuu ya Idi anaitoa anajaribu tena, na kila Idi inamshinda dakika ya tatu. Na Zuhura mwenyewe huko aliko ana shamba, usiku na mchana anafukuza nguruwe na ngedere wasimalize mazao, kuja kusalimia ni kwa nadra.

Lilinikaa rohoni hilo. Nisiwafiche.

Miaka ikapita, Rehema naye akaposwa, mchumba wa hapahapa Kibiti. Bi Tatu akaniita kisiwani. Hakunipa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Huyu ndiye wa mwisho," akasema. "Wa kwanza sikumwona. Nikimkosa na huyu, sina mwingine wa kumwona. Sema unaweza au huwezi, kama huwezi nitafute mwingine."

"Naweza," nikasema, kwa kinywa kipana. Nikarudi bara.

Ndipo nikaanza kutafuta cha kuituliza kamera. Sikilizeni hapa, maana haya mengine yatawafaa hata na hizo simu zenu chaji ikikata.

Kwanza nilijaribu mfuko wa mchele. Unachukua mchele kilo moja, unautia kwenye mfuko wa kitambaa usioshiba sana, unauweka dirishani au juu ya ukuta, kamera unailalisha juu yake inajikalia yenyewe. Picha haichezi hata kidogo. Mpaka leo nasema hakuna kinachoushinda ukiwa umetulia mahali pamoja. Ubaya wake ni huu: usiuache karibu na jiko la shughuli. Niliuacha, nikaenda kuswali, narudi naukuta mfuko umeanikwa kwenye kamba, mtupu. Wapishi waliniambia wanashukuru, mchele ulikuwa umepungua.

Kisha nikajaribu mshipi wa kuvulia. Chini ya kamera kuna tundu la skrubu. Unafunga mshipi pale, unauachia ufike chini, unaukanyaga, halafu unavuta kamera juu mpaka mshipi unakaza. Mkono hauna pa kutetemekea. Jaribuni, mtanikumbuka. Lakini bibi harusi hasimami, anatembea, na ukitembea huku umekanyaga mshipi wako mwenyewe yatakayokukuta ni yale yaliyonikuta Nyamwage, mbele ya msafara wa wakwe, nimelala kifudifudi na kamera nimeinyanyua juu isiumie.

Basi nikaenda kwa Fundi Spoku.

Huyu alikuwa Mmatumbi wa milimani, fundi baiskeli, kibanda chake kando ya barabara hapahapa Kibiti. Maneno machache, na hayo machache yote ya kukuudhi. Nikamweleza, "Fundi, nataka kitu ambacho kamera inakaa juu, mimi niyumbe nitakavyoyumba, yenyewe isiyumbe."

Akanitazama. "Hicho kinaitwa mume mwema. Hapa hakitengenezwi."

Lakini kesho yake akaniita. Alikuwa amechukua bomba la maji la plastiki urefu wa mkono. Juu akaweka kibao cha kukalia kamera. Chini akaning'iniza kopo la maziwa alilolijaza saruji. Na hapa katikati, hapa mnapopacheka, akaweka kishikio juu ya gololi alizotoa kwenye pedeli ya baiskeli, ili mkono wangu ukizunguka, bomba lisizunguke nao. Kazi yote ilikuwa kwenye zile gololi. Mkono unashika kishikio tu, hauligusi bomba.

Nikajaribu, ikabembea kama pembea ya watoto. Nikamfokea. Akachukua tindo akapunguza saruji, akalilaza bomba ubavu, akaliachia lisimame lenyewe. "Hesabu," akasema. Nikahesabu: moja, mbili. Likasimama kwenye mbili. "Likiwahi kusimama kabla ya mbili, kopo zito, litabembea. Likichelewa, kopo jepesi, litalala. Liwe kwenye mbili." Hilo sikulisoma popote, ni la fundi baiskeli, na mkitaka kutengeneza cha kwenu lichukueni bure.

Picha bado ikacheza. Nikarudi kwake nimevimba.

"Bomba zima," akasema. "Mbovu ni wewe. Unatembea kama unayekanyaga moto."

Nilitaka kumpiga nalo! Lakini akanitolea kamera pale juu, akaweka kikombe cha chai, kimejaa, cha moto. "Zunguka soko. Chai ikimwagika, rudi uanze." Jamani, nilizunguka soko la Kibiti siku ngapi sijui, nimeshika bomba lenye kikombe juu, macho mbele, simsalimii mtu. Wauza mihogo wakasema Somoe amepandisha mashetani, atafutiwe mtu wa kumsomea. Nikajifunza kukunja magoti kidogo, kutanguliza kisigino, kukibana kiwiko ubavuni. Nikajifunza kushika kishikio kama unavyoshika kifaranga, asichomoke na asife. Na kutokuza picha! Ukitaka kumwona mtu karibu, msogelee kwa miguu yako. Ukimkuza kwa kamera, na mtetemo wako unakuzwa. Mwisho chai ikaacha kumwagika, na Fundi Spoku akainywa mwenyewe, ndiyo pongezi pekee niliyopata kwake.

Siku ya harusi nikaenda kisiwani kwa boti, bomba langu mgongoni kama bunduki. Vigelegele, matari, Rehema kafunikwa shuka jeupe. Bi Tatu hakulia. Alinivuta pembeni, akalitazama bomba juu mpaka chini.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Haya," akasema, akarudi kwenye masufuria yake.

Sasa mjue kwamba boti ikichelewa kutoka, unafika upande wa bara maji yamekupwa. Na sisi tulichelewa, kwa sababu mashangazi walikuwa hawajakubaliana nani akae mbele. Tukakuta tope tupu, la mikoko, lile linalokuingia mpaka gotini na kubaki na kiatu chako. Mie wasiwasi wangu ulikuwa kamera. Nikaifungua kwenye bomba niiviringishe kanga vizuri, na bomba nikampa mtu aliyekuwa karibu anishikie kidogo. Huyo mtu alikuwa Bi Siwema, kungwi wa Rehema, mwanamke wa mwili, Mungu alimjalia.

Nyie mmetembea kwenye tope la kupwa? Mtu wa delta akiingia kwenye tope, mkono wake wenyewe unatafuta fimbo. Hawazi. Bi Siwema akashuka, tope likamshika, na alichokuwa nacho mkononi akakichomeka. Hatua, anachomeka. Hatua, anachomeka. Nageuka hivi, naliona bomba langu limezama mpaka kwenye gololi.

"Bi Siwema! Hiyo si fimbo!"

"Mbona imenifikisha?" akasema, na akalivuta kwa nguvu zake zote. Bomba likatoka. Kopo likabaki chini. Tukalitafuta kwa miguu, tukalitafuta kwa mikono, mashangazi wameinamisha magauni yao ya harusi kwenye tope, kopo la saruji hakuna. Gololi nazo zimejaa tope, kishikio hakizunguki.

Nilimfokea. Kungwi! Mtu aliyenifunda mie mwenyewe nikiwa mwari. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo nikimkumbuka naona haya, na yeye amesimama pale tope gotini. Njia nzima kuja Kibiti, kwenye gari, hakuna aliyeimba. Nililia wazi kabisa, makamasi na yote. Rehema akaniuliza kutoka ndani ya shuka lake, polepole, "Bi Somoe, kwa hiyo mama hataona?"

Nilimfikiria Bi Tatu na dakika yake ya tatu.

Gari likatuacha barabarani, nyumba ya bwana harusi ipo ndani kidogo, sharti msafara utembee. Watu wa kwao walishasimama na kanga mikononi, maana bibi harusi hakanyagi udongo: kanga zinatandikwa mbele yake, akishapita zinaokotwa nyuma na kutandikwa mbele tena. Nimesimama nimeshika kamera kwa mikono miwili kama siku ile ya Mloka. Bi Siwema akashuka. Akavua upande wa kanga yake, akausokota kata, akaiweka kichwani, na juu yake akapandisha sanduku la nguo za bibi harusi. Juu ya sanduku palikuwa na mrashi wa marashi, umesimama tu, haukufungwa na chochote. Akaanza kutembea.

Mrashi haukutikisika.

Nikautazama. Njia ina mashimo, ina mizizi, mama wa watu ana miguu inauma, na ule mrashi upo pale juu kama umegundishwa. Nikasema, Somoe, we mpumbavu. Tangu ukiwa na meno ya utoto umebeba maji ya mto kichwani, ndoo imejaa mpaka mdomoni, hujawahi kufika nyumbani umelowa. Halafu unakwenda kufundishwa kutembea na fundi baiskeli!

"Bi Siwema," nikamwita. "Nisokotee na mie kata."

Akageuka, akaniona, akaiona kamera, akaelewa. Alinisokotea kata nene, akaikalisha kamera juu yake, akaipitishia kanga na kunifunga chini ya kidevu kama mgonjwa wa jino. Na jicho la kamera tukaligeuza nyuma. Kwa sababu bibi harusi anapigwa picha usoni, na mie siwezi kutembea kinyumenyume na mzigo kichwani. Nitatangulia mbele, yeye anifuate.

"Rehema, taa nyekundu inawaka?"

"Inawaka," akasema, akichungulia kwenye upenyo wa shuka.

"Hakikisha, mwanangu. Mie niliwahi kurekodi ndala."

"Inawaka, Bi Somoe." Na nikamsikia anacheka ndani ya shuka.

Nikaondoka. Watu wa Kibiti wakaniona wakapasuka. "Mama Kamera kaja kuchota maji harusini!" Wacheke. Macho mbele, shingo imenyooka, magoti laini, mkono mmoja umepanda kushika pembeni, kidogo tu. Sikuona kitu kilichokuwa nyuma yangu. Nilifuata matari: yakienda polepole napunguza, yakisimama nasimama. Kanga zinatandikwa nyuma ya visigino vyangu, nazisikia. Tukafika mlangoni, na mlango wa nyumba ile ulikuwa mfupi. Mwenye ndoo kichwani hainamishi shingo, anashuka kwa magoti. Nikashuka, nikaingia, nikapanda tena, nikasimama katikati ya chumba mgongo wangu kwa mlango. Nyuma yangu kelele zikanyamaza ghafla. Nikasikia sauti ya mwanamke mtu mzima inasema, "Kanyaga, mwanangu, hapa ni kwenu." Halafu vigelegele. Nini kimetokea, sijui. Kwa mara ya pili nilikuwepo na sikuona.

CD niliipeleka mwenyewe kisiwani, baada ya swala ya alasiri. Nyumba ya jirani ileile, betri ya gari ileile. Sikuwa nimethubutu kuitazama. Bi Tatu akaingia na ndoo. Akaiweka mbele ya miguu yake, akashika ukingo wake kwa mikono miwili, akasema, "Washa."

Dakika ya kwanza amefumba jicho moja. Ya pili anatazama. Ya tatu ikafika, chumba kizima hakitazami televisheni, kinamtazama yeye. Ya tatu ikapita. Rehema anakuja kwenye kioo, amefunikwa, taratibu, kanga zinatandikwa mbele yake moja moja, na picha imetulia. Bi Tatu akaachia ukingo wa ndoo. Kisha akaigeuza chini juu, akaikalia, akasogea karibu na televisheni mpaka tukaanza kumlalamikia.

Tukafika mlangoni. Na hapo tukaona, yeye na mie, kwa pamoja. Kanga zilikuwa zimeisha: umati umejazana nyuma, zilizookotwa hazipiti. Hatua moja kabla ya kizingiti, mikono ya waliokuwa wanatandika ilikuwa mitupu. Rehema amesimama mguu mmoja juu, hana pa kukanyaga. Mama wa bwana harusi akatazama huku, akatazama kule, akavua mtandio wake mwenyewe kichwani, mtandio mpya wa shughuli, akautandika kwenye udongo. "Kanyaga, mwanangu, hapa ni kwenu."

"Rudisha," akasema Bi Tatu.

Nikarudisha. Tukautazama mtandio ule sijui mara ngapi. Mie nilikuwa nalia, sina haja ya kuficha. Yeye akaniuliza bila kugeuka, "Huyu mpiga picha alikuwa amebeba nini?"

"Kamera, Bi Tatu. Kichwani."

"Nikasema miye. Huyu kabeba maji."

Nilidhani yameisha hapo. Nilishaanza kukunja nyaya. Bi Tatu akainuka, akaenda kwake, akarudi na kile kifurushi cha kanga, akakifungua, akanipa CD ya Mloka. Akaigeuza ndoo mdomo juu, akaketi chini, akaipakata.

"Sasa weka ya Zuhura."

"Bi Tatu, ile itakutesa. Mwenyewe niliiharibu."

"Nimesema weka."

Nikaweka. Dakika ya tatu alitapika. Akafuta mdomo, akaniambia simamisha, akapumua, akasema endelea. Dakika ya nane alitapika tena, na safari hii hakutoa macho kwenye kioo. Mbio zangu zote zile zinapita mbele yetu, pua za watu, mbingu, ardhi, na mie nimekaa kando yake sina pa kuweka uso. Halafu, karibu na mwisho, picha ikatulia. Nikakumbuka. Ni pale nilipochoka, nikaegemea ukuta wa jirani nivute pumzi, kamera nimeishika tu kifuani. Sekunde chache. Na katika sekunde hizo yupo Zuhura mlangoni Mloka, na bibi mmoja mzee wa nyumba ile kapiga magoti mbele yake, anamfuta vumbi la safari miguuni kwa ncha ya kanga yake.

"Simamisha hapo," akasema Bi Tatu, ndoo mapajani. "Usiendelee tena."

Nikasimamisha. Tukakaa vile, Zuhura ametulia pale kwenye kioo na miguu yake inafutwa, mpaka betri ya jirani ilipokwisha.